Kichupa Kilichonipeleka Jambiani

Nilikwenda Jambiani na kichupa cha unga mweupe kwenye mkoba, mimi ambaye sikuwa nimewahi kukanyaga kisiwa chochote. Nimezaliwa Kongwa, mkoani Dodoma, na bahari niliijulia Kivukoni tu, miaka niliyosoma Dar es Salaam. Ndani ya kichupa mlikuwa na karajinani, gramu 100, iliyoagizwa kutoka nje na kunifikia baada ya wiki nyingi za kusubiri. Siku niliyokuwa nikilalamikia bei yake, mwalimu wangu alikichukua, akakigeuza, akasoma maandishi madogo ya ubavuni. Akaniuliza kama najua unga ule unatokana na mwani, na kama nimeshafika Zanzibar nikaona mwani unavyolimwa. Nikasema sijafika.

"Umekazana kupika," akasema, "shamba la mboga yako hulijui."

Karajinani niliitafuta kwa sababu ya mama mmoja. Kabla ya kurudi chuo kusomea shahada ya pili ya famasia, nilikaa miaka minne kwenye dirisha la dawa la hospitali moja ya wilaya. Siku za kliniki ya wanaoishi na VVU walikuja wengi wenye fangasi za mdomoni: utando mweupe juu ya ulimi na ndani ya mashavu, kama maziwa yaliyoganda, na ukiufuta, nyama ya chini inabaki nyekundu na kuuma. Tuliwapa nistatini ya maji. Weka mdomoni, sukutua huku na huku, ishikilie kadiri uwezavyo, kisha meza. Mara nne kwa siku. Niliyasema maneno hayo mpaka nikawa siyasikii.

Mama huyo alirudi kwa mara ya tatu. Alikuwa amekonda, hawezi kula kitu chenye chumvi wala ndimu. Akaegemea dirisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Mwanangu, dawa nikiiweka inateremka na mate. Sasa inatibu mdomo au inatibu tumbo?"

Nilimjibu kwa nilichokuwa nacho, na jibu halikunitosha mimi mwenyewe. Kinywa cha mtu mzima hutoa mate kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Nistatini ikimezwa karibu haiingii kabisa katika damu. Inaua fangasi pale tu inapoigusa. Kwa hiyo inafanya kazi dakika chache, halafu mate yanaibeba kwenda tumboni, ambako hakuna aliyeiita. Dawa ilikuwa na nguvu ya kutosha. Kilichokosekana ni muda wa kukaa mahali pake, na muda ule mama yule hakuwa na namna ya kuuongeza hata angefuata maelekezo yangu yote.

Chuoni nikakuta kuna watu waliolishughulikia swali lake kwa miongo. Sehemu zote za mwili zilizo laini na zenye majimaji, kinywa, pua, jicho, utumbo, uke, zimefunikwa na utando unaotoa ute. Sehemu kubwa ya ute ni maji, na kinachoushikamanisha ni protini ndefu zilizovikwa sukari, ziitwazo musini. Zipo polima, yaani minyororo mirefu ya kemikali, ambazo zikikutana na ute huo hunata. Nyingine zinatengenezwa kiwandani, kama kaboma. Nyingine hutoka katika maganda ya kamba na kaa, kama kitosani, ambayo ina chaji chanya na hivyo huvutwa na ute wenye chaji hasi. Nyingine hutoka katika miti na mimea, na nyingine katika mwani. Ukiichanganya dawa na polima ya namna hiyo ukaikandamiza iwe kidonge chembamba, unaweza kukibandika juu ya fizi kikatoa dawa kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ulaya kidonge kama hicho cha fangasi za mdomoni kiliidhinishwa mwaka 2006, Marekani 2010: mikonazo miligramu 50, kinabandikwa mara moja kwa siku, na miongoni mwa vinavyokishikisha ni protini za maziwa. Mara moja kwa siku! Nilipousoma mstari huo nilimkumbuka yule mama na chupa yake ya mara nne.

Mwaka mzima nikashinda na mashavu ya mbuzi. Alfajiri nakwenda machinjio ya Vingunguti na ndoo ya barafu, narudi maabara, nakata kipande cha ngozi laini ya ndani ya shavu, nakibandika kwenye kioo, nakandamiza kidonge changu juu yake na kukitumbukiza katika maji yenye chumvi za mate, nyuzijoto 37. Halafu nakaa na saa. Vidonge vya mwanzo vilidondoka kabla ya saa moja kwisha. Nikaongeza polima inayokunywa maji kwa haraka, nikidhani ndiyo itakayoshika zaidi, vikadondoka mapema kuliko vya mwanzo.

Hapo kilichonifungua macho ni mlenda. Kila Mgogo anaujua: ukiupika kwa maji ya kadiri, unalishika tonge la ugali mpaka mdomoni; maji yakizidi, unachuruzika kwenye vidole na tonge linatoka tupu. Polima nazo ni hivyo hivyo. Kidonge kikavu kinaanza kwa kunyonya maji ya ute, na kwa kunyonya huko kinajivuta karibu na kulainika. Kikiendelea kunywa bila kiasi, sehemu ya nje inageuka uteute na kinateleza. Kazi yote ni kupata mchanganyiko unaokunywa maji polepole, ili jeli ya nje iwe ukuta ambao dawa inalazimika kupenya taratibu. Ndipo nikaanza kujaribu karajinani, na ndipo kile kichupa kikawa kitu cha kulala nacho chini ya mto.

Safari yenyewe sina mengi ya kuisimulia hadi Unguja. Boti iliondoka asubuhi, kusi ilikuwa imeshaanza, wahudumu wakapita wakigawa mifuko, nami nilikuwa miongoni mwa walioitumia. Nilipoona mnara wa Chumbe, Unguja ikiwa karibu, nilishukuru Mungu. Daladala ya Jambiani ilijaa abiria, magunia na tenga la kuku. Tukapita Tunguu, tukaingia Jozani ambako miti imefunga barabara kama dari, na baada ya Kitogani ardhi ikabadilika ikawa mawe matupu ya matumbawe na vichaka vifupi. Kisha pale Paje, mwisho wa barabara, nikaiona bahari ya rangi ambayo nilidhani huwa ya kuchorwa tu.

Nilifikia kwa ndugu wa mwenzangu wa chuo, mama wa makamo ambaye kijiji kizima kinamwita Bi Mkubwa.

"Hodi! Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Karibu, karibu ndani. Umesafiri salama? Mbona uso umekusawijika hivi?"

Nikampa zawadi ya karanga za Kongwa, akanipa maji ya ndimu, na kabla ya magharibi alikuwa ameshanipangia siku yangu yote ya kesho. Mwezi ulikuwa umeandama siku mbili nyuma, hiyo ni bamvua, maji yatakupwa mbali, na yeye hawezi kukaa nyumbani bamvua likipita. Maji mafu hayampi nafasi ya kufika shambani.

Saa mbili asubuhi tulikuwa pwani. Bahari ilikuwa imeondoka. Sijui namna nyingine ya kuisema: mahali palipokuwa na maji jioni, pamekuwa mchanga mweupe na vidimbwi, na wimbi lenyewe likawa mstari mweupe kwenye mwamba, mbali huko. Wanawake walikuwa wakitembea kuelekea huko, wawili wawili, kanga zimefungwa kibwebwe, magunia matupu kichwani. Nilivaa yeboyebo nilizoazimwa kwa sababu ya wanyama wa miiba. Maji yalitufika kwenye goti tulipolikuta shamba lake: safu za vigingi, kati ya kigingi na kigingi kamba, na juu ya kamba vishada vya mwani vimefungwa kwa nyuzi nyembamba wanazoziita taitai.

Mbegu hii si ya hapa. Ililetwa kutoka Ufilipino, na kilimo kikaanza Paje na Jambiani mwaka 1989, ingawa mwani wa pwani yetu ulikuwa umeshachunguzwa tangu miaka ya 1970 na Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Bi Mkubwa alianza mwaka mmoja baadaye, na mtoto mgongoni. Mtoto huyo sasa ni baba wa watoto watatu. Zanzibar nzima wakulima wa mwani ni zaidi ya 20,000, na wengi wao ni wanawake.

Akakata kishada, akanipa. "Shika."

Nilishangaa, na mshangao huo bado ninao. Mwaka mzima nilikuwa nimeishi na jeli, kwa hiyo nilitarajia kitu cha kuteleza, kitu cha mlenda. Kumbe mwani mbichi ni mgumu. Ulikuwa wa rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijani, matawi yake yamejaa vimiiba butu, na nilipoukunja ulivunjika kwa sauti, kama gegedu ya mbavu za kuku. Nikausugua kwa vidole, nikapata unyevunyevu tu.

"Unatafuta nini?" akaniuliza.

"Ute wake, Bi Mkubwa."

Akacheka mpaka akashika kigingi. "Ute uko ndani, mwanangu. Huo mpaka jikoni."

Alikuwa sahihi, na vitabu vyangu havikuwa vimeniandaa kwa hilo. Karajinani imo katika kuta za chembe za mwani, imefungwa na madini ya bahari, na maji baridi hayaitoi. Inataka moto.

Tulikuwa tumeshafunga vishada vya kamba mbili nilipokumbuka vidonge. Nilikuwa nimebeba vichache visivyo na dawa yoyote, karajinani na selulosi ya kawaida ya vidonge, vidogo kama punje ya dengu. Nilitaka kujua mdomo wa mtu anayefanya kazi, anayeongea, anayekunywa maji, unakifanyia nini kidonge, maana mbuzi wangu hawaongei. Nikakausha kidole kwenye ncha ya kanga, nikaweka kidonge juu ya fizi, pale juu ya chonge, nikashusha mdomo na kuukandamiza kwa nje nikihesabu sekunde 30. Bi Mkubwa na jirani zake wawili wakasimama wananitazama.

"Kimeshika?"

"Kimeshika."

"Kimeshika kwa nini? Hukutia gundi?"

Nikajaribu kueleza habari za minyororo inayolegea na kuingiliana na minyororo ya ute, nikawa najikwaa kwa maneno. Yeye akaniangalia, akachukua kipande cha kamba ya usumba kilichokuwa kiunoni mwake, akakikata. Akafumua ncha zote mbili nyuzi zikawa wazi, akazipitisha nyuzi za upande huu kati ya nyuzi za upande ule, akazisokota kwenye kiganja. Akanipa nivute. Nilivuta kwa mikono yote miwili na haikuachana. Fundo hakulifunga.

"Hivi?"

"Hivyo hivyo, Bi Mkubwa. Hivyo hasa."

Nimesoma nadharia tano za kunata kwa ute, na ile ya kupenyeana kwa minyororo sijaiona imeelezwa vizuri zaidi ya pale, katikati ya maji ya goti, na mtu ambaye tangu utotoni anasokota usumba. Na kamba ile inafundisha na jingine: nyuzi fupi hazina cha kushikia, na nyuzi zilizokazwa sana haziingiliani. Polima yenye minyororo mifupi mno hainati, na iliyofungwafungwa mno hainati.

Tangu hapo likawa swali la shamba zima. Kila baada ya kamba moja au mbili, sauti inatoka upande mmoja au mwingine: "Mgeni, bado kipo?" Napeleka ulimi. "Bado kipo."

Wakati wa kurudi, gunia la mwani mbichi kichwani linachuruza maji shingoni, walitaka kujua mwani wao unaponya nini huko unakopelekwa. Wanajua unakwenda Ulaya, Asia na Marekani. Wameambiwa unatiwa kwenye dawa ya meno na maziwa. Nikawaambia ipo dawa ya kupuliza puani, ya mafua, iliyotengenezwa kwa karajinani ya mwani wa aina hii hii tulioubeba, uitwao spinosamu, inayolala juu ya ute wa pua na kuzuia virusi visipenye. Kisha, kwa kuwa tulikuwa wanawake peke yetu, nikawasimulia habari za Afrika Kusini. Jeli ya karajinani ya mwani mwekundu ilijaribiwa huko kati ya mwaka 2004 na 2007, kwa wanawake 6,202, wakitumai itawakinga na VVU. Mwanamke aliipaka mwenyewe, ukeni, kabla ya tendo.

"Ikawakinga?" akauliza mdogo wao, binti aliyekuwa hajasema kitu tangu asubuhi.

"Haikuwakinga. Matokeo yalitoka 2008. Haikuwadhuru, lakini haikuzuia."

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nikaongeza kwamba vifaa vya kupakia vilipopimwa ilionekana jeli ilitumika chini ya nusu ya nyakati zilizotakiwa.

"Utaipaka vipi na mume yupo mlangoni," akasema Bi Mkubwa, na hakulisema kwa mzaha. Sentensi hiyo niliiandika jioni kwenye daftari langu la maabara, chini ya jedwali la vidonge vya mbuzi. Ninapima dakika za kunata, na sijapata bado namna ya kupima alichokisema.

Uani, chanja zilikuwa zimejaa mwani wa siku mbili, umeshabadilika rangi kuwa zambarau na njano, umesinyaa na chumvi nyeupe juu. Kilo saba, nane, wakati mwingine kumi za mbichi ndizo zinatoa kilo moja kavu. Kwenye kona alinionyesha fungu dogo lililo tofauti, matawi mazito yasiyo na vimiiba. Hiyo ni kotonii. Bei yake iko juu kuliko spinosamu, kwa sababu karajinani yake inaganda kwa nguvu na viwanda vinaipenda. Zamani alilima nyingi. Maji ya kina kifupi yamekuwa ya moto, kotonii inashikwa na ugonjwa, matawi yanakuwa meupe kama barafu na kukatika. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Dokta Flower Msuya akiwa mbele, wamekuwa wakihangaika na wanawake hawa kwa miaka mingi kuipeleka kwenye maji ya kina kirefu kwa nyavu, na kuwafundisha kutengeneza sabuni na vyakula vya mwani. Lakini kina kirefu kinataka mashua na kujua kuogelea. "Mimi kuogelea siwezi," akasema Bi Mkubwa. "Nimezaliwa hapa, siwezi."

Nilitoa kichupa changu, nikamwekea unga kidogo kiganjani. Akaulinganisha na mwani uliokuwa chanjani. Akaniuliza bei. Nilipomtajia alinyamaza, akanirudishia unga ule wote kichupani, punje kwa punje, asimwage hata kidogo. Niliona haya ambayo sikuwa na mahali pa kuyapeleka.

Sikutaka kumdanganya. Kutoka chanja ile hadi kichupa kile pana kazi ya kweli. Lazima mchanga na chumvi vitoke, rangi itoke, vijidudu vife, metali nzito zipimwe. Na kubwa kuliko yote, kila shehena ifanane na iliyotangulia. Mwani wa kusi na mwani wa kaskazi si mmoja. Mnyororo ukiwa mfupi kidogo msimu huu, jeli inakuwa nyepesi, na kidonge kilichotoa dawa kwa saa kumi kitaimaliza kwa saa nne. Mgonjwa wa dirishani hawezi kujua kwa nini dawa ya mwezi uliopita ilimfaa na ya mwezi huu haikumfaa. Kiwanda cha namna hiyo kinahitaji maji safi mengi, umeme usiokatika na maabara. Hakuna kati ya hivyo kisichowezekana Tanzania. Nimeyafikiri hayo njia nzima ya kurudi na bado nayafikiri.

Jioni tukapika. Tulikosha spinosamu kavu maji manne, matano, mpaka mchanga ukaisha, tukaitia kwenye sufuria juu ya mafiga. Nikaomba magadi. Bi Mkubwa akashangaa mtu wa bara anatia magadi kwenye mwani. Kwetu hatupiki mlenda bila magadi, nikamwambia, na viwandani nao huchemsha mwani katika maji yenye alikali, kwa sababu alikali inaondoa sehemu ya salfa kwenye mnyororo, mnyororo unapata kujisokota vizuri na jeli inakuwa imara. Tukachemsha mpaka matawi yakayeyuka. Tukachuja kwa kipande cha kanga kuukuu, ukashuka uji mzito wa rangi ya chai ya rangi, unavutika kama asali.

Tuliuacha upoe kwenye bakuli. Ulipoganda niliukata katikati kwa kijiko, nikauacha. Baada ya muda ufa ulikuwa umefumba. Karajinani ya spinosamu ndiyo tabia yake. Ya kotonii ingebaki imepasuka na kutoa maji. Kwa mdomo wa mtu, unaocheka na kutafuna, mimi nachagua hii inayofumba. Bi Mkubwa alitia kidole, akakibandika mdomoni kwa ndani, juu ya fizi, pale pale nilipobandika mimi asubuhi. Akatulia akiusikiliza ulimi wake.

"Na chako," akasema baadaye. "Bado kipo?"

Nilikuwa nimekisahau. Saa kumi na moja zilikuwa zimepita tangu shambani. Nilikuwa nimekunywa maji, chai mara mbili, nimekula muhogo mchana na kuongea kuliko kawaida yangu. Nikapeleka ulimi nikasikia kitu chembamba, laini, ambacho sikuwa na uhakika nacho.

"Fungua mdomo."

Akawasha taa ya simu, akaninyanyua mdomo wa juu kwa kidole gumba kama anavyofanyiwa mtoto anayeota meno. Alinuka moshi na chumvi. Akatazama kwa muda mrefu.

"Kipo," akasema. "Kimebaki kama ukucha wa kichanga. Lakini kipo."

Wali ulikuwa umeshapakuliwa na mchuzi wa pweza juu yake. Nikasema naweza kula, haidhuru, kidonge hakina dawa, ni majaribio tu. Hakunisikiliza. Akaichukua sahani yangu, akaifunika kawa, akaiweka pembeni ya jiko isipoe.